Simu ya mtumba ya mtandaoni: dalili, chanzo chake na la kufanya

Simu iliyotumika ikianza kusumbua, watu wengi huuliza imeharibika wapi. Mimi huanza na swali jingine: ni ya nani? Kioo kilichopasuka kinabadilishwa, betri iliyochoka inabadilishwa, hata tundu la chaji lililolegea lina dawa. Lakini simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, au ambayo namba yake imeshaingia kwenye orodha ya simu zilizoibwa, haina dawa kwa fundi yeyote mwaminifu. Kwa hiyo hapa tunaanza na umiliki, tunakuja kwenye mtandao, na habari za kioo na betri zinafuata nyuma, ingawa ndizo zinazoonekana kwanza kwa macho.

Jambo jingine la kushika ni kwamba uzito wa dalili unategemea pesa yako iko wapi. Kabla hujalipa, unaachana tu na tangazo na hujapoteza kitu. Pesa ikiwa bado imeshikiliwa na jukwaa la kuuzia, una nafasi ya kulalamika ukasikilizwa. Ikishaingia mfukoni mwa muuzaji, kinachobaki ni kubembeleza.

## Dalili zinazoonekana kabla hujalipa

Bei iko chini mno kuliko ya simu kama hiyo. Linganisha matangazo kadhaa ya modeli ileile, hifadhi ileile na hali ileile. Ukilinganisha na simu mpya utajidanganya. Kama tofauti ni kubwa, kuna sababu, na si lazima iwe wizi. Pengine kamera haifokasi, pengine simu imefungwa kwa mtandao mmoja, pengine mwenyewe ana haraka. Muulize moja kwa moja: "Kwa nini unaiuza bei hii?" Muuzaji wa kweli hutaja kasoro bila kusita kwa sababu anaijua na inamkera. Tapeli hukupa hadithi ya safari, ugonjwa au zawadi, na habari za simu yenyewe hazigusi.

Picha ni nzuri kupita kiasi, au umewahi kuziona mahali. Ziweke kwenye Google Lens uone kama zimetumika kwingine. Halafu omba picha mpya: simu imewashwa, imepigwa *#06# ili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ionekane, na pembeni kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya leo na neno ulilolichagua wewe. Siku hizi picha hutengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo ni bora zaidi kuomba video fupi isiyokatwa. Aanze na *#06#, aende kwenye Mipangilio sehemu ya "Kuhusu simu", kisha aigeuze nyuma na pembeni taratibu. Angalia kona za fremu. Simu iliyoanguka hubonyea pale kwanza, na kava haliwezi kuficha kona kwenye video kama linavyoificha kwenye picha. Kama anakwepa kutoa kava, umeshajua.

Hataki kutoa IMEI. Hapa usimhukumu haraka. Kuna wauzaji waaminifu wanaoogopa kuianika namba hiyo hadharani, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa namba halali huweza kunakiliwa kwenye simu ya magendo. Suluhu ya katikati ipo. IMEI ina tarakimu 15, na 8 za mwanzo hutambulisha kampuni iliyotengeneza na modeli. Akikutumia hizo 8 tu, tayari unaweza kuzitafuta mtandaoni uone kama simu ni ile anayoitaja. Namba kamili akupe kwenye mazungumzo ya faragha kabla hujalipa, ili uihakiki kwenye huduma ya mamlaka ya mawasiliano au ya kampuni ya simu. Akikataa hata hapo, tafuta simu nyingine.

Ila ukihakiki na kukuta namba ni safi, usilewe. Majibu hayo ni ya leo tu, na si nchi zote zinazobadilishana orodha zao. Simu iliyofungiwa kwingine inaweza kuonekana safi kwako, na simu safi leo inaweza kuripotiwa wiki ijayo.

Anataka mhame mzungumzie kwingine. Sababu anazotoa ni nyingi: ujumbe wa humu unachelewa, kuna makato, picha hazipiti. Chanzo halisi ni kwamba ulinzi wa mnunuzi unaishia pale mnapotoka. Ukilipa nje ya jukwaa hakuna atakayeshika pesa yako, na mazungumzo ya nje si rahisi kuyatumia kama ushahidi. Baki humohumo hata kama mwenzako ni mtu mwema kiasi gani.

Anaomba kiasi kidogo "cha kuishikilia" kwa kuwa wanunuzi wengine wako mlangoni. Hao wanunuzi wengine hawapo. Amana ndogo ni njia ya kupima kama unalainika. Ukiitoa, itafuata ya usafiri, kisha ya bima ya mzigo, kisha ya kuutoa mzigo uliokwama njiani.

Unatumiwa kiungo cha kulipia au cha kufuatilia mzigo. Usikifungue. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya msafirishaji na uandike namba ya mzigo kwa mkono wako. Na namba ya siri inayoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi haiombwi na muuzaji wala msafirishaji yeyote wa halali. Mpokeaji wa mzigo hana sababu ya kumtajia mtu namba hiyo.

Njia ya malipo anayoitaka haina kurudi nyuma. Kadi za zawadi, sarafu za kidijitali na kutuma pesa moja kwa moja kwa mtu binafsi ni njia za kumlipa ndugu yako, si mtu usiyemjua. Hata PayPal ina malipo ya aina mbili: yale ya bidhaa yana ulinzi wa mnunuzi, na mgogoro unaweza kufunguliwa ndani ya siku 180 tangu kulipa, yale ya marafiki na familia hayana ulinzi huo kabisa. Muuzaji akisema "tuma kwa njia ya marafiki tuepuke makato", anachokuomba ni utupe ngao yako. Afadhali umwongezee hayo makato.

## Mzigo umefika: kamera kwanza

Kabla ya kugusa mkasi, washa kamera ya simu nyingine na urekodi bila kukata: lebo ya mzigo yenye namba yake, gundi na pande zote za boksi, kukata, kutoa, kuwasha, hadi *#06# kwenye skrini. Watu wameshapokea vipande vya sabuni na mawe kwenye maboksi yaliyofungwa vizuri sana, na picha inayopigwa baada ya kufungua haithibitishi kitu. Ikiwa mnakutana ana kwa ana, chagua mahali penye watu na intaneti, na usiharakishwe. Majaribio mengi yaliyo hapa chini yanamalizika ndani ya nusu saa.

Kitufe cha kuthibitisha kwamba umepokea na umeridhika usikiguse mpaka umalize. Kwenye majukwaa mengi kitufe hicho ndicho kinachoachia pesa.

## Simu inaomba akaunti ya mtu mwingine

Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalowanasa wengi, na kwa sababu linafanana sana kwa mwizi na kwa mtu msahaulifu.

Kwenye iPhone unakutana na maandishi yanayosema simu imefungwa kwa mwenyewe, na chini yake barua pepe iliyofichwa: herufi moja, nukta nyingi, kisha alama ya @. Hiyo ni Activation Lock, iliyokuja na iOS 7 mwaka 2013. Kwenye Android unaambiwa uthibitishe akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu hapo awali, au uweke mchoro wa zamani wa kufungulia skrini. Ulinzi huo ulianza na Android 5.1 mwaka 2015. Vyote viwili vimetengenezwa ili simu iliyofutwa kwa nguvu isimfae aliyeiiba.

Hapo kwenye kufuta ndipo penye siri. Muuzaji akifuta simu kwa kupitia Mipangilio, iPhone humtaka neno lake la siri na kuiondoa simu kwenye akaunti. Kwenye Android, akiondoa akaunti yake kwanza ndipo afute, ulinzi nao unaondoka. Lakini akifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, kama mafundi wanavyofanya, data inaondoka na kufuli linabaki. Basi "nimeshaifuta, iko safi" haina maana yoyote mpaka ujue ameifutaje.

Vilevile, skrini ya kukaribisha yenye maandishi ya Hello si ushahidi. Kufuli huulizwa baada ya simu kuunganishwa na intaneti, si kabla. Unganisha Wi-Fi, endelea na hatua za kuanzisha mpaka ufike skrini kuu. Mtu anayekuonyesha Hello akasema "unaona, mpya kabisa" amekuonyesha mlango tu, hujaona ndani.

Unatofautishaje mwizi na msahaulifu? Kwa muda anaochukua kulimaliza. Mwenye iPhone halali hahitaji kukutana nawe: anaingia iCloud, huduma ya mtandaoni ya akaunti za Apple, kwa kompyuta au simu nyingine, anafungua sehemu ya kutafuta vifaa, anachagua hiyo simu na kuiondoa kwenye akaunti yake. Unaizima na kuiwasha, inapita. Ni kazi ya dakika chache na wala hakupi neno la siri. Kwa Android njia ya uhakika ni yeye mwenyewe kuingiza akaunti yake simu ikiwa mkononi, kwa hiyo kama mko mbali, irudishe. Ukisikia "akaunti nimesahau", "alinifungulia mpwa wangu", "mpelekee fundi ni kazi ndogo", fungua malalamiko siku hiyohiyo.

Usilipe mtu wa kuruka kufuli. Kwenye iPhone kazi hizo mara nyingi hukuachia simu yenye vipengele vilivyokufa, na kufuli hurudi simu ikifutwa tena. Zaidi ya hapo unakuwa umegharimia kuficha kosa la mtu mwingine, na ushahidi wako umeuvuruga mwenyewe.

Kuna ujanja wa kinyume pia. Muuzaji anakupa akaunti yake: "Ingia na hii kwanza, ina programu nilizonunua." Ukiingia, simu uliyoilipia inakuwa kifaa chake. Siku yoyote anaweza kuifunga akiwa mbali na kudai pesa aifungue. Akaunti inayoingia kwenye simu yako ni yako peke yako.

## Inasema inasimamiwa na shirika, au inaonyesha ujumbe wa deni

Chanzo ni kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza, simu ni ya kazi au ya shule na iliandikishwa kwenye mfumo wa kusimamia vifaa. Kila ikifutwa inarudi kwa mwajiri mara tu inapopata intaneti. Cha pili, ni simu ya mkopo. Hii ya pili ni hatari kwa sababu inafanya kazi vizuri kabisa siku ya kununua. Muuzaji anaacha kulipa, siku ya malipo inapita, na skrini inajifunga na kukuonyesha deni usilolijua.

Kwenye iPhone fungua Settings, General, kisha VPN & Device Management; ukikuta jina la kampuni au wasifu wowote uliowekwa na mtu, uliza. Kwenye Android tafuta "programu za usimamizi wa kifaa" ndani ya Mipangilio ya usalama, na angalia programu yenye jina la mkopeshaji isiyokubali kuondolewa. Mwenye uwezo wa kuiachia ni shirika lenyewe au mkopeshaji mwenyewe. Muuzaji alete uthibitisho wa kumaliza deni, la sivyo simu irudi. Punguzo la bei lisikushawishi: huwezi kununua nusu ya simu.

## Laini haisomi, au inasoma lakini haipigi

Kabla ya kulaumu simu, weka laini hiyo kwenye simu nyingine. Utashangaa mara ngapi tatizo ni laini yenyewe.

Ikiwa laini ni nzima, piga *#06#. Simu ya laini mbili huonyesha IMEI mbili, na hilo ni sawa. Isipoonyesha kitu, au ikionyesha sifuri tupu, tatizo liko kwenye ubao wa ndani au programu ya simu imechezewa. Ni ya kurudisha. Ikionyesha namba, ilinganishe na iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye "Kuhusu simu". Boksi kutofanana huenda ni boksi tu lilibadilika, na maboksi tupu yanauzwa. Lakini *#06# na "Kuhusu simu" zikitofautiana, hiyo ni kazi ya mikono ya mtu.

Namba zikifanana na bado hakuna mtandao, kuna mambo manne ya kupitia.

Simu ikiomba namba ya kufungulia mtandao, au iPhone ikisema SIM Not Supported, imefungwa kwa kampuni moja ya simu. iPhone inakuambia bila kificho: Settings, General, About, mstari wa Carrier Lock uwe na maneno No SIM restrictions. Hili linaweza kufunguliwa na kampuni yenyewe kama masharti yake yametimia, kwa hiyo ni la kujadili bei, mradi uwe umeambiwa mapema.

Simu ikitumia Wi-Fi bila shida lakini kila laini ya kila kampuni inakataa, huenda IMEI imefungiwa. Hakiki tena.

Ikishika mtandao wa zamani tu, au simu zikikatika kila data ikiwaka, modeli hiyo huenda ilitengenezwa kwa soko lenye masafa tofauti na ya mtandao wako. Tafuta namba kamili ya modeli, si jina la biashara. Simu mbili zenye jina moja hutofautiana masafa kwa herufi moja mwishoni.

Na kama huoni hata mahali pa kuweka laini, hujapofuka. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2022, na nyingi za baadaye kutoka huko, hazina trei. Zinatumia eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu. Kama kampuni yako ya simu haitoi eSIM, umenunua kamera nzuri yenye Wi-Fi.

## Ni nzito kufungua vitu, kamera ni mbaya, ila "hifadhi ni 512 GB"

Huenda ni bandia. iPhone bandia hujifichua ukibonyeza App Store: badala ya duka la Apple unapelekwa Google Play, au linafunguka duka lenye maandishi yasiyokaa sawa. Weka namba ya mfululizo kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia udhamini, lakini usiishie hapo, maana namba ya kweli huweza kunakiliwa. Kinachotokea ukurasani kilingane na kilicho mkononi: modeli na rangi pia.

Kwa Android, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Mipangilio kisha Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Halafu pakua programu ya kusoma vifaa vya ndani kama CPU-Z ulinganishe prosesa na ya modeli inayodaiwa. Ikiwa unashuku hifadhi, nakili video kubwa mpaka zizidi nusu ya nafasi inayodaiwa, kisha ucheze zile za mwanzo. Simu yenye hifadhi ya uongo hupokea kila kitu kwa furaha, na video za kwanza zinakuwa zimeharibika.

## Betri inashuka, au simu inazima yenyewe

iPhone hukuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Chini ya 80 Apple yenyewe huihesabu kuwa imechoka. Betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000, na simu hizo hukuonyesha idadi ya mizunguko. Kwa Samsung, programu ya Samsung Members ina kipimo chake.

Mimi asilimia huisoma kisha naiweka kando, kwa sababu namba hiyo huweza kuchezewa na mafundi wenye vifaa. Tabia ya betri haichezewi kirahisi. Ongeza mwangaza hadi mwisho, cheza video kwa dakika 20 na utazame kushuka kwake. Betri nzima hushuka polepole na kwa mpangilio. Iliyochoka hukaa asilimia 34 kwa muda mrefu, kisha unaona 27, kisha 19, kisha giza. Ikizima ikiwa na asilimia ishirini na kitu, halafu ikiwaka kwenye chaja na kusema bado ina kumi na tano, hakuna ubishi tena.

Betri peke yake si sababu ya kukataa simu, ni sababu ya kupunguza bei kwa gharama ya kuibadilisha. Kitu kimoja tu kinabadilisha hesabu: kifuniko cha nyuma kilichoinuka, au kioo kilichoachana na fremu upande mmoja, hasa kikibonyea kama mto. Betri imevimba. Usiichaji, usiikandamize irudi mahali pake, usijaribu kuitoboa. Mjulishe msafirishaji kabla ya kuirudisha, maana haisafirishwi kama mzigo wa kawaida.

## Kioo, maji na sauti

Fungua picha ya kijivu tupu ijaze skrini yote. Kwenye nyeupe na nyeusi makovu mengi hayaonekani, kwenye kijivu yanajitokeza: kivuli cha kibodi sehemu ya chini, mstari wa saa juu, wakati mwingine alama ya programu ambayo mwenye simu alikuwa haachani nayo. Hizo ni alama za kudumu za skrini za OLED. Kwa tachi, shika aikoni moja uiburute taratibu ukipita kila sehemu ya kioo, pembezoni pia. Mahali inapodondoka kila mara pamekufa. Simu nyingi za Samsung hufungua menyu ya majaribio ukipiga *#0*#.

Kioo kilichobadilishwa si dhambi, ila uambiwe. Kwenye iPhone, True Tone (kipengele kinacholinganisha rangi za skrini na mwanga wa mahali ulipo) ikikosekana kwenye mipangilio ya mwangaza ya modeli ambayo inapaswa kuwa nayo, shuku. Tangu iOS 15.2, modeli za karibuni huonyesha ndani ya About kama betri, kioo au kamera ni halisi au hazitambuliki. Hapohapo namba ya modeli ikianza na M simu iliuzwa mpya, F ni iliyokarabatiwa, N ni iliyotolewa badala ya nyingine. Aliyekuuzia F kwa maneno ya "haijawahi kufunguliwa" amekudanganya, hata kama simu yenyewe ni nzuri.

Maji: toa trei ya laini, mulika tochi ndani. iPhone nyingi zina kialama humo ambacho kawaida ni cheupe au rangi ya fedha, na hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Cheupe si hakikisho, chekundu ni jibu.

Sauti watu huijaribu kwa kupiga simu moja, wakaridhika. Simu ya kisasa ina maikrofoni zaidi ya moja. Rekodi sauti kwa programu ya kurekodi, kisha video kwa kamera ya mbele, kisha kwa kamera ya nyuma, na usikilize zote tatu. Ikinong'ona kwenye mojawapo, maikrofoni hiyo ndiyo mgonjwa, na ungeigundua siku ya simu ya video ya maana.

## Ilikuwa nzima, wiki kadhaa baadaye imebadilika

Mtandao umekatika ghafla kwa laini zote. Aliyekuuzia ameiripoti kuwa imeibwa ili alipwe bima, au ameacha kulipa deni lake, au mwenye simu wa kweli amejitokeza. Kusanya tangazo, mazungumzo, risiti na ile video, upeleke kwa jukwaa, kwa benki kama ulilipa kwa kadi, na polisi. Usikubali fundi akubadilishie IMEI. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, na litakuwa kosa lako wewe.

Matangazo yanajitokeza, programu ulizofuta zinarudi, programu ya benki inakataa kufunguka. Mfumo wa simu umebadilishwa. Iwashe upya uangalie: kama kuna onyo kwamba kifungio cha mfumo kimeachwa wazi, ndicho chanzo. Isafishwe kwa kuwekewa mfumo rasmi wa kampuni. Samsung ina alama ya Knox, mfumo wake wa usalama, ambayo ikishabadilika kutoka 0 kwenda 1 hairudi tena, na Secure Folder (folda ya siri) na malipo ya Samsung hayatafanya kazi hata baada ya kusafishwa. Mpaka hapo, usiweke akaunti ya benki kwenye simu hiyo.

Masasisho hayaji. Muda huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu uliponunua. Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Modeli nyingi za bei ndogo zina muda mfupi zaidi ya hapo.

## Kulalamika na kurudisha

Malalamiko yanayoshinda ni mafupi na hayana matusi. Yaandike ndani ya jukwaa, namna hii:

"Nimepokea mzigo jana. Tangazo lilisema simu haijafungwa kwa mtandao wowote na ina 256 GB. Niliyopokea inaomba namba ya kufungulia mtandao (video, dakika ya 4), na hifadhi inayoonekana ni 128 GB (picha ya 2). Naomba kurudisha simu na kurejeshewa pesa yote."

Kuhusu adha uliyopata, safari uliyoahirisha na unavyomwona muuzaji, nyamaza. Anayesoma anatafuta vitu vitatu tu: kilichoahidiwa, kilichofika, na ushahidi. Muuzaji akikuomba ufunge malalamiko kwanza ndipo akurudishie pesa, usifunge; kwenye majukwaa mengi yakifungwa hayafunguliwi tena.

Ukikubaliwa kurudisha, toa laini yako na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako kwa kupitia Mipangilio, kisha futa simu. Usipofanya hivyo atasema umemrudishia simu iliyofungwa, na safari hii atakuwa anasema kweli. Rekodi ukiifunga, IMEI ikionekana kabla haijaingia kwenye boksi, na risiti ya msafirishaji yenye namba ya mzigo uitunze mpaka pesa yote iwe imeingia.